Kila Mwanafunzi Amechoka, Ila Si Kila Mwanafunzi Anaumwa

Ukiingia kwenye ukumbi wa mihadhara wenye wanafunzi mia tatu ukauliza nani amechoka, mikono itakayobaki chini ni ya wale waliokwisha kusinzia. Uchovu chuoni ni kama sare ya shule: kila mtu kaivaa, kwa hiyo hakuna anayemtazama mwenzake mara mbili. Ndani ya uchovu huo wa wote mimi nilikuwa na wangu wa peke yangu, na kwa muda mrefu sikujua kuwa ni wa aina nyingine. Jina la fibromialjia, ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima na uchovu visivyoisha, nililisikia nikiwa mwaka wa tatu. Maumivu yenyewe yalikuwa yameshahamia mwilini tangu mwaka wa kwanza.

Nieleze yalivyokuwa. Hayakukaa mahali pamoja. Leo ni shingo na mabega, kesho nyonga na mapaja, keshokutwa mikono yote miwili kuanzia viwikoni hadi vidoleni. Nilikuwa nalala usiku kucha na kuamka nimechoka kuliko nilivyopanda kitandani, mwili umekaza, vidole vinakataa kufunga vifungo. Mshono mgumu wa nguo begani ulinikera mpaka naivua. Rafiki akinipiga kofi la mzaha mgongoni, nacheka naye huku machozi yananilenga. Mwanga mkali na kelele, vitu ambavyo zamani vilinipita tu, vilianza kunimaliza nguvu.

Kilichonitisha zaidi kilikuwa akili. Nasoma ukurasa, nafika chini, sijui nimesoma nini. Narudia, nafika chini, hola. Siku moja nikiwasilisha kazi ya kikundi nilipotewa na neno "wastani". Mwanafunzi wa takwimu, mbele ya darasa zima, analitafuta neno wastani hewani kwa mkono! Wenzangu walicheka, nami nikacheka, kisha usiku nikakaa kitandani nikijiuliza kama hicho ndicho kichwa nilichokuja nacho chuoni.

Kwenye zahanati niliyokuwa natibiwa, swali la kwanza lilikuwa: mitihani imekaribia? Ilikuwa imekaribia. Kwa mwanafunzi mitihani daima imekaribia. Kama si ya mwisho wa muhula basi ni jaribio la katikati, kama si jaribio ni kazi ya kukabidhi Ijumaa. Nikapewa dawa za kupunguza maumivu, nikaambiwa nipumzike na nisiwe na mawazo mengi. Dawa hazikufanya kitu. Niliporudi nikapimwa damu: hakuna upungufu wa damu, hakuna maambukizi, kila kitu kiko sawa. Watu wengi hufurahi wakipewa karatasi ya namna hiyo. Mimi niliikunja nikaiweka mkobani kwa aibu, maana nilijua niliyeishi naye chumba kimoja ataniuliza.

Na aliuliza. "Dada, wamesema una nini?" Hawakuona kitu. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, bila ubaya wowote, "Lakini juzi si ulikuwa unacheza muziki na sisi?" Kweli nilicheza. Alichokuwa haoni ni siku mbili zilizofuata nilipokuwa nimejifunika shuka, nikitoka tu kwenda maliwatoni, nikimwambia nina mafua. Huu ndio ugumu wa ugonjwa usio na uvimbe wala kipele wala homa: ushahidi pekee ni maneno ya mgonjwa, na siku akiwa na nafuu ushahidi huo hugeuka dhidi yake.

Aliyenipa jina la ugonjwa alikuwa daktari bingwa wa magonjwa ya viungo, mama mtu mzima asiye na haraka. Kabla hajaniuliza panapouma, aliniuliza ninavyoamka. Alibonyeza viungo kimoja kimoja akitafuta uvimbe, hakuupata. Akaomba vipimo ambavyo sikuwa nimefanyiwa: vya uvimbe wa ndani ya mwili, vya tezi ya shingoni, vya misuli, vya vitamini D. Majibu yalipotoka akaniwekea mchoro wa mwili wa binadamu uliogawanywa maeneo 19 na kuniambia nitie alama kila palipouma juma lililopita. Nilijaza 12. Alitazama mchoro, akanitazama, akasema, "Mwanangu, hakuna kinachoharibika kwenye viungo vyako. Na maumivu hujayabuni."

Sentensi hizo mbili sikuwahi kuambiwa pamoja. Kila aliyenipa ya kwanza alikuwa ameninyima ya pili.

Maelezo aliyonipa, na niliyokuja kuyasoma zaidi baadaye, ni haya kwa ufupi. Kwa wenye fibromialjia, taarifa zinazotoka mwilini kwenda kwenye uti wa mgongo na ubongo hukuzwa njiani. Mguso wa kawaida hupokelewa kama maumivu, na maumivu madogo hupokelewa kama makubwa. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Richard Gracely waliwaweka wagonjwa kwenye mashine ya picha za ubongo na kuwabana ukucha wa kidole gumba. Mbano mdogo tu uliamsha kwenye ubongo wa mgonjwa sehemu zilezile ambazo kwa mtu mzima wa afya ziliamshwa na mbano mkubwa karibu mara mbili. Niliposoma hilo nilitamani kuchapisha nakala na kuibandika mlangoni kwetu. Ndiyo maana pia zile dawa za maumivu za zahanati, ambazo ni za kutuliza uvimbe, hazikunisaidia: hapakuwa na uvimbe wa kutuliza.

Sasa, mimi ni mtu wa takwimu. Baada ya wiki chache za kulia na kushukuru, nikaanza kujiuliza swali la kazi yangu: tuko wangapi? Kati ya wale mia tatu ukumbini, nani mwingine?

Utafiti unaotajwa kila mahali ni wa mji wa Wichita, Marekani, uliochapishwa na Frederick Wolfe na wenzake mwaka 1995. Walihoji watu zaidi ya 3,000 na kuwapima sehemu yao. Jibu lilikuwa asilimia 2 ya watu wazima: asilimia 3.4 ya wanawake na asilimia 0.5 ya wanaume. Tafiti za nchi nyingine zilizofuata zimezunguka humohumo, asilimia 2 hadi 4. Lakini ukiingia ndani ya namba za Wichita unaona kitu ambacho wanafunzi hukiruka: ugonjwa uliongezeka na umri. Kwa wanawake wa miaka 60 hadi 79 ulipita asilimia 7. Kwa vijana wa rika letu ulikuwa chini sana ya wastani huo. Kwa hiyo ukitaka kukadiria ukumbi wa watu mia tatu kwa asilimia 2 unapata sita, na kwa vijana ningetegemea wachache zaidi ya hapo. Watatu, labda. Wanne. Wamekaa wapi sijui, ila nadhani wamechagua viti vya pembeni, vinavyomruhusu mtu kunyanyuka bila kumsumbua yeyote.

Halafu ukasome tafiti zilizofanywa kwa wanafunzi wa vyuo wenyewe, hasa za madodoso yanayojazwa mtandaoni. Humo utakuta asilimia zinazopita kwa mbali zile za jamii nzima. Mara ya kwanza nilifurahi kuziona. Mtu aliyekuwa peke yake hupenda kusikia kwamba wako wengi. Mara ya pili nilizisoma kwa jicho la darasani, na furaha ikapungua.

Nitaeleza kwa nini, na msomaji asiyependa hesabu anivumilie, si ndefu.

Zamani, kwa vigezo vya Chuo cha Marekani cha Rumatolojia, chama cha madaktari wa magonjwa ya viungo, vya mwaka 1990, daktari alitakiwa kukubonyeza kwa kidole sehemu 18 za mwili kwa nguvu ya takriban kilo 4, na 11 kati ya hizo ziume. Mwaka 2010 wakaachana na kubonyeza. Badala yake kukawa na alama mbili. Ya kwanza ni idadi ya maeneo yanayouma kati ya yale 19. Ya pili ni ukali wa dalili, kuanzia 0 hadi 12. Mwaka uliofuata vigezo hivyo vikawekwa katika sura ambayo mtu anaweza kujijazia mwenyewe, na hapo ndipo dodoso likawa rahisi kusambaza kwa maelfu ya watu. Unahesabiwa kuwa na fibromialjia ukiwa na maeneo 7 au zaidi na alama 5 au zaidi za dalili, au maeneo 3 hadi 6 na alama 9 au zaidi za dalili.

Zile alama 12 zinatoka wapi? Tisa zinatoka kwenye mambo matatu: uchovu, kuamka bila kupumzika, na ugumu wa kufikiri au kukumbuka, kila kimoja hadi alama 3. Tatu zilizobaki ni maumivu ya kichwa, maumivu ya tumbo la chini, na sonona, alama moja moja.

Mpe dodoso hilo mwanafunzi yeyote katikati ya juma la mitihani. Amechoka? Tatu. Anaamka amepumzika? Haamki, hakulala, tatu. Anakumbuka anachosoma? Usimuudhi, tatu. Tayari ana 9. Kichwa kinamuuma, 10. Muulize panapouma: ameinamia meza kutwa, kwa hiyo shingo, mabega mawili, mgongo wa juu, mgongo wa chini. Maeneo matano. Kwa vigezo vya 2010 na 2011 kijana huyo, mzima kabisa, mwenye kuhitaji usingizi wa siku tatu na kiti kizuri, amepita. Vigezo vilirekebishwa mwaka 2016, vikataka maumivu yawe katika kanda nne kati ya tano za mwili, na kwa marekebisho hayo huyu wetu anaachwa nje, maana shingo na mgongo vinahesabiwa kanda moja na kila bega liko kwenye kanda yake, jumla tatu tu. Vigezo vyote hivyo pia vinataka dalili ziwe zimedumu miezi mitatu. Lakini mtu anayejaza kwa simu saa sita usiku hasomi masharti kwa makini, na wakati mwingine swali lenyewe la miezi mitatu halimo.

Tuchukulie sasa kwamba dodoso ni zuri. Chukua wanafunzi 1,000 na tuseme wenye ugonjwa kwelikweli ni 20. Dodoso linawanasa 18. Kwa wale 980 wasio nao linakosea kwa watu 5 tu katika kila 100, jambo ambalo si baya kwa dodoso. Asilimia 5 ya 980 ni 49. Ongeza wale 18, unapata 67. Ripoti itaandika asilimia 6.7, zaidi ya mara tatu ya ukweli, na karibu watatu kati ya kila wanne waliohesabiwa hawana ugonjwa wenyewe. Hakuna aliyedanganya. Ugonjwa usio wa wengi ukipimwa kwa kipimo kinachokosea kidogo tu, makosa hayo madogo huwazidi wagonjwa kwa idadi. Tena hapo sijagusa suala la nani anajibu: kiungo kikitupwa kwenye kundi la darasa chenye kichwa "utafiti kuhusu maumivu ya mwili", anayekifungua kwanza ni yule anayeumwa.

Kwa hiyo nikisikia mtu akitangaza kwamba mwanafunzi mmoja katika kila kumi ana fibromialjia, siamini. Na nikisikia mwingine akisema huo ni ugonjwa wa wanawake wa makamo, kijana hawezi kuwa nao, huyo ndiye nisiyemwamini kabisa, kuliko hata yule wa kwanza, kwa sababu za wazi. Kinachonikera ni kwamba makosa haya mawili yana chanzo kimoja. Dodoso linamhesabu aliyechoka kwa sababu uchovu wa mwanafunzi unafanana na dalili zetu, na mhudumu wa zahanati anamrudisha mgonjwa kwa sababu dalili zetu zinafanana na uchovu wa mwanafunzi. Namba kwenye karatasi inakuwa kubwa mno, idadi ya wanaotibiwa inabaki ndogo mno, na wote wawili, mtafiti na mhudumu, wanalala wakijua wamefanya kazi.

Wanaume wana shida yao ya ziada. Vile vigezo vya kubonyeza viliwaacha wengi nje, kwa kuwa wanawake kwa kawaida huhisi maumivu kwa mbonyezo mdogo zaidi; vilipoondolewa, tofauti kati ya wanaume na wanawake ilipungua sana. Bado kijana wa kiume anayesema mwili mzima unamuuma huulizwa amebeba nini jana.

Kuna utafiti mmoja mdogo wa zamani ninaoupenda kuliko yote, na uliwahusu watu kama sisi. Katikati ya miaka ya 1970 huko Toronto, Harvey Moldofsky na wenzake waliwachukua vijana wenye afya, wanafunzi wa chuo, wakawalaza maabara. Kila kijana alipoingia kwenye usingizi mzito kabisa walimsumbua kwa sauti, si kwa kumwamsha, kwa kumtoa tu kwenye kina kile. Baada ya usiku chache vijana wakaanza kulalamika kuumwa misuli, kukakamaa, uchovu, na walipobonyezwa waliumia. Walipoachwa walale kawaida yakaondoka. Niliposoma hapo niliweka simu chini. Mabweni yetu yanafanya jaribio hilo kila muhula, bure, bila kibali cha kamati ya maadili.

Hilo halina maana kwamba kukesha ndiko kulikoniletea ugonjwa. Wenzangu walikesha kuliko mimi na wako wazima. Ugonjwa huu una mizizi ya ukoo pia: utafiti wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba ndugu wa karibu wa wagonjwa wanaupata mara nyingi zaidi, uwezekano wao ukiwa mara nane hivi ukilinganisha na ndugu wa wagonjwa wa baridi yabisi. Nilipompigia mama simu kumweleza niliyoambiwa, alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Sasa hayo si ndiyo maumivu ya kawaida?" Nikamwuliza ya kawaida vipi. Akaanza kuyataja: mabega asubuhi, miguu usiku, kichwa kujaa ukungu, kuchukia kuguswa. Alidhani kila mwanamke anaishi hivyo. Tulibaki kwenye simu muda mrefu. Miaka yote niliyomwona akijinyoosha mlangoni kabla ya kuanza siku, nilidhani ni mazoea yake tu.

Nilikuwa na bahati, nikilinganisha. Uchunguzi uliohusisha nchi kadhaa, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta wagonjwa walichukua wastani wa zaidi ya miaka miwili na kuonana na madaktari karibu wanne kabla ya kuambiwa wana nini. Miaka miwili kwa mtu aliyeajiriwa ni mirefu. Kwa mwanafunzi ni nusu ya shahada au zaidi, na alama zake zinaandikwa muda wote huo. Cheti changu kina mihula miwili ambayo siwezi kumweleza mwajiri yeyote.

Kuhusu kuishi nayo, nitasema yaliyonifaa, na mengine nitayapita. Mapendekezo ya shirika la Ulaya la magonjwa ya viungo, EULAR, yaliyorekebishwa mwaka 2016, yalipitia tiba zote zilizokuwapo, na moja tu ndiyo iliyopewa uzito wa juu: mazoezi. Nilipoambiwa hivyo nilitaka kumrushia daktari mchoro wake. Unamwambia nani akimbie, mtu anayeshindwa vifungo? Lakini hakusema nikimbie. Alisema nitembee dakika tano, kila siku, iwe siku nzuri au mbaya, na nisiongeze mpaka dakika tano zianze kunikinaisha kwa uchache wake. Hilo la pili ndilo lililokuwa gumu. Siku mwili ukinilegezea nilikuwa nataka kulipa madeni yote: kufua, kusoma sura tatu, kwenda mazoezini, kumtembelea rafiki. Kesho yake naanguka. Nilichojifunza, polepole na kwa manung'uniko, ni kuikatisha siku nzuri kabla haijaisha. Ni kazi ngumu kuliko kuvumilia siku mbaya, na hakuna anayekupongeza kwa kuifanya.

Dawa zipo. Niliandikiwa amitriptilini kwa dozi ndogo ya usiku, ndogo kuliko inayotumika kwa sonona, na ikanisaidia kulala usingizi unaostahili jina hilo. Wengine hupewa duloksetini au pregabalini. Pregabalini ndiyo ya kwanza kuidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu, mwaka 2007. Hakuna hata moja kati yake inayoponya, kila moja inamfaa huyu na kumshinda yule, na dawa kali za jamii ya mofini hazishauriwi kabisa. Tiba ya mazungumzo niliikataa mwanzoni kwa sababu nilihisi ni njia ya adabu ya kuniambia naumwa kichwani. Nilipoikubali ikanisaidia kwa jambo dogo sana: kuacha kuhesabu kila kichomo.

Chuoni kwenyewe, nafuu kubwa ilikuja kwa kuomba vitu vidogo kwa maandishi. Kunyanyuka na kujinyoosha wakati wa mtihani. Kuandika kwa kompyuta badala ya kalamu, kwa kuwa baada ya saa moja ya kuandika mkono wangu ulikuwa hautofautishi moja na saba. Kuahirishiwa kazi moja pale wiki inapokuwa na tatu. Mhadhiri mmoja alinijibu kwamba na yeye mgongo unamuuma. Mwingine alisoma barua ya daktari, akaniuliza swali moja tu, "Kiti gani kinakufaa?" na kesho yake kiti kikawepo. Nilihisi kama nimepewa shahada.

Tangu nianze kulizungumzia jambo hili, wanafunzi hunifuata wakiniuliza kama na wao wanao. Siwaambii ndiyo wala hapana. Nawauliza tatizo limeanza lini, na kama likizo ya mwisho liliondoka. Wengi wanacheka: liliondoka siku ya tatu. Hao nawaambia walale. Wale ambao halikuondoka nawapeleka kwa daktari, na nawasisitiza wataje kama kuna viungo vinavyovimba, homa, kupungua uzito, vipele usoni au mkono unaokosa nguvu, kwa kuwa hayo si ya fibromialjia na hayataki kusubiri. Kaka mmoja wa darasa langu alikuja akiwa ameshajipima kwa dodoso la mtandaoni na kujikatia hukumu. Alipopimwa ikaonekana tezi yake ya shingoni inafanya kazi chini ya kiwango. Sasa anameza kidonge kila asubuhi na hana tena haja na mimi, isipokuwa akitaka kuazima madaftari.

Muhula uliopita mdogo wangu wa mwaka wa pili, anayesoma takwimu kama mimi, aliniletea dodoso alilotaka kulisambaza kwa ajili ya mradi wake, akihesabu fibromialjia miongoni mwa wanafunzi. Alikuwa amepanga kulituma wiki ya mitihani, kwa kuwa wakati huo wote wako chuoni. Nikamwambia alitume wiki ya nne ya muhula, aongeze swali la miezi mitatu na liwe la lazima, achague majina kutoka orodha ya usajili badala ya kutupa kiungo kwenye makundi, na wale watakaopita alama watafutiwe daktari wa kuwaona kabla hajaandika neno "wagonjwa". Akasoma maandishi yangu pembeni mwa karatasi, akakunja uso.

"Dada, nikifanya hivi si asilimia itashuka?"

Itashuka, nikamwambia. Akauliza sasa msimamizi wake atapendezwa na nini. Nikamchorea lile jedwali la watu 1,000, nikampa akamwonyeshe.